Kidole cha Aune

Oulu, Februari, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Aune Kemppainen anavua glavu mbili, moja juu ya nyingine,
anatumbukiza kidole cha shahada ndani ya beseni
kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Usitikisike," namwambia.
"Sitikisiki mimi," anajibu. "Natikiswa."
Ana miaka sabini na minane.

Leza inapiga. Yeye hasikii kitu.
Damu ndiyo inayosikia: inakunywa mwanga,
inapata joto dogo lisiloweza kuyeyusha hata chembe ya theluji,
inatutumka, inanywea,
na katika kututumka huko inatoa sauti
isiyofika sikio la mtu wala la popo.
Vihisi mia moja ishirini na nane vimelizunguka beseni,
vimetega.

Vinasikia nini? Kila kitu.
Kioo kinajaa chengachenga.
Aune anavaa miwani, anaegemea:
"Hizi ni herufi zilizomwagika."
Miaka thelathini na mmoja alipanga herufi za risasi
kwenye kiwanda cha magazeti, akisoma kinyume,
na siku mwanagenzi alipoangusha trei nzima
alipiga magoti akaziokota, a kwa a, k kwa k,
mpaka usiku wa manane.
"Ulilia?"
"Nililipwa kwa saa."

Kelele za mlango, walisema, hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.
Waliosema hawakuwa na vihisi mia moja ishirini na nane.

Wiki iliyopita nilikesha nikimsaka mchawi mmoja:
mistari iliyolala juu ya kila picha
kama mvua ya mchoro wa mtoto.
Nilizima taa. Nilizima friji ya Pertti (bado amenuna).
Nilifunga upya waya wa ardhi. Nilizungushia kebo karatasi ya alumini
niliyoibandua kwenye samaki wangu wa mchana.
Mistari ilibaki.
Saa tisa usiku nikagusa kifaa cha kupasha maji,
mpole yule, aliyemjali mgonjwa asipate baridi.
Nikakichomoa. Mistari ikafa.
Ndiyo maana leo maji yanapoa
na Aune anang'ata midomo.

Kelele zilizobaki hazina mchawi.
Dawa yake ni kurudia: piga mara moja, piga mara mia,
jumlisha, gawanya.
Kelele hazina msimamo, hii ikipanda ile inashuka,
zinakulana zenyewe;
na ukweli, kwa kuwa husema lile lile,
unabaki umesimama.
Lakini mapigo mia nne hupunguza kelele mara ishirini tu,
na mapigo mia nne ni sekunde arobaini,
na sekunde arobaini kwa kidole cha Aune
ni safari.

Nikaongeza kichujio. Nilikijivunia kichujio kile.
Picha ikatakata, nyekundu juu ya nyeusi.
Daktari Hietala akasema safi, hana uvimbe, aende zake.
Aune hakuzigusa glavu.
"Hapa," akasema, akibonyeza kifundo, "hapa ndipo panapouma.
Na hapa kwenye picha yako hapana kitu."

Nikafungua data ghafi, chenga na yote.
Nikaipanga pigo kwa pigo,
nikifuata kila tetemeko la kidole
na kulirudisha mahali pake, a kwa a, k kwa k.
Saa mbili nzima.
Pembeni mwa kifundo, chembamba, kimejikunja,
kikatokea kimshipa kipya. Kisha kingine. Kisha kishada,
vidogo hivi
kichujio changu kilikuwa kimevihesabu kelele.

Aune alikuwa amesinzia kitini, mkono ndani ya taulo.
Sikumwamsha.
Nilirudisha kifaa cha maji kwenye umeme
nikakaa nikikisikiliza
kikivuma.