Mdadisi wa Bei

Kila tarehe kumi na mbili, kabla jua la Dodoma halijakaza,
naingia soko la Majengo na kishikwambi na swali moja:
shilingi ngapi leo?
Sinunui. Wananijua. Masinga wa mchele
hanifungulii hata gunia.
"Mtu wa serikali huyo," humwambia kijana wake,
"muuzie namba."

Nimebeba kapu la taifa, kapu lisilo na shikio:
mtama kilo, mafuta ya alizeti lita,
sabuni mche, nauli ya Chamwino,
kunyoa mtoto, jeneza la mbao laini.
Nalijaza tangu asubuhi
na sitoki na kitu.

Kwa Sechelela andazi bado mia mbili.
Nimeandika mia mbili mwaka mzima.
Leo nimelishika, likapotea kiganjani.
"Bei haijapanda," anasema, macho kwenye karai,
"andazi ndilo limeshuka."
Natafuta pa kuliandika hilo.
Hapana.

Nyuma ya msikiti, Chidawali anapiga fremu.
Mwaka huu ndio wake: ofisi zote za Mtumba zataka picha mpya,
kila shule, kila zahanati, kila duka lenye leseni.
Za zamani zinarudi kwa toroli, zimelala kifudifudi;
misumari imebaki ukutani, haina upande.
Ungedhani anatajirika.
Lakini kioo hutoka ng'ambo, hulipwa kwa dola,
na alikinunua wiki za kampeni, dola ikiwa haikamatiki,
watu wanaificha kama mahindi mwaka wa njaa.
Sasa uchaguzi umepita, shilingi imepata nguvu,
wateja wanamjia na gazeti mkononi: "Shusha."
Hajibu. Anawaonyesha boksi la kioo,
alipoandika kwa mkaa:

Shilingi imesimama, wamesema redioni,
Nauliza tena jama, bei mbona haioni?
Kioo hakijakwama, kinapaa mawinguni,
Nguvu yake ya heshima, itafika kwangu lini?

Nikahesabu mizani. Imetimia.
Nikaandika bei ya fremu, nikapita.

Ripoti ikatoka Ijumaa: mfumuko wa bei umeshuka.
Mama akaisikia huko Mvumi, akanipigia
kwa salio la kukopa:
"Umeshuka, mwanangu? Umeshukia kituo gani?
Huku sijauona."
Mama, nikamwambia, kushuka huko si kurudi.
Ni mtu anayepanda mlima, amepunguza mwendo tu.
Bado anapanda.
Kimya. Nikasikia kuku wake.
"Na ufuta?"
Ufuta unakwenda nje, mama. Dola imelegea,
kila dola inarudi na shilingi chache.
"Kwa hiyo hela ikiugua, nanunua sabuni kwa machozi.
Ikipona, nauza ufuta kwa machozi."
Ndiyo, mama.
"Basi ikipona, inampona nani?"
Salio likakata. Au alikata yeye.

Nimesomea haya miaka mitatu. Najua kuchora mstari
unaopanda na mstari unaoteremka,
na pale vinapokutana najua kupaandika jina.
Sijui pa kumweka mama kwenye mchoro ule,
na magunia yake manne yanayosubiri mnada,
na waziri mpya anayesema tuvumilie
kwa sauti ileile ya waziri wa jana.

Jioni narudi Majengo bila kishikwambi,
na mfuko wangu wa nailoni, na njaa yangu.
Masinga anafungua gunia. Ananikaribisha kwa jina.
Bei ni nyingine. Ya asubuhi ilikuwa ya serikali.
Sechelela ananifungia maandazi matano kwa elfu,
halafu anatazama kushoto, kulia,
anatumbukiza la sita.
"Hili," ananiambia, "usiliandike."