Meno Tisa, Meno Sitini na Tatu

Mezani pana mota mbili na pesa ya moja.
Mvua ya Mabatini inagonga bati, umeme umekatika,
mimi na Luhende tunabishana kwa tochi ya simu.

Yeye anaitaka ile ya kitovuni:
gurudumu limeimeza mota nzima
kama chatu aliyeshiba, limetulia,
halina cheni, halina kelele, halidai grisi.
"Dada Nyamizi, unakaza nati mbili, unaondoka."

Kweli. Na sura inayo.
Lakini kitovu changu mimi kilizikwa Bugarika, kati ya mawe.
Kile kilima nakijua kwa magoti,
nilikipanda na ndoo kabla sijang'oa jino la kwanza.
Na mota ya kitovuni haina mkopo wa nguvu:
gurudumu likizunguka mara moja, nayo mara moja,
tambarare au mwinuko, tupu au na barafu ya Magafu,
kilo mia na themanini, bila yeye mwenyewe.
Itajikaza. Itachemka. Waya zitanuka
kama ugali uliosahauliwa jikoni,
na Magafu atasimama nusu ya mlima
akiuza maji.

Mkanda tulishaujaribu, kwenye mkokoteni wa Mbuke.
Mkanda ni mpole, husema kwa kunong'ona.
Likaja vumbi la Nyakato, ikaja mvua,
yakaja mafuta ya dagaa wa Mwaloni,
ukateleza, ukapiga yowe;
gari limesimama, mota inacheka peke yake.

Ipo na difu ya bajaji, kwa wauza vyuma Igogo.
Kile ni kifaa chenye akili:
penye kona hujua kwamba gurudumu la nje lina safari ndefu
kuliko la ndani, wala haligombezi.
Niliigeuza, nikainusa, nikauliza bei.
Bei ya betri mbili.
Nikairudisha chini taratibu, kama mtoto wa watu.
Nimeiota mara mbili tangu Jumanne.

Basi cheni.
Ya pikipiki iliyogongwa Mkuyuni (mwenyewe alipona, ila hataki kuiona).
Meno tisa kwenye mota, sitini na tatu kwenye ekseli.
Duara kubwa tulilikata wenyewe, bamba la milimita sita,
tupa siku tatu, jino kwa jino,
Luhende akihesabu sitini na mbili, mimi sitini na nne,
mpaka tukaweka alama ya chaki na kuacha uongo.
Saba kwa moja: mota inakimbia mara saba
ili gurudumu lipige hatua moja nzito.
Hiyo ndiyo lugha ya Bugarika.
Na pingili ikikatika,
mtoto yeyote mwenye nyundo na msumari ataitoa.

Usiku nikakumbuka: mpanda ngazi hushuka.
Anashuka na nini?
Breki zetu ni za baiskeli.
Alfajiri nikaikamata fraiwili, nikaichomelea pande nne,
isizunguke bure tena,
ili mteremko nao ushikwe na mota,
na chochote kinachorudi, kirudi kwenye betri.
Kidogo. Hata shukrani ni kidogo.

Jumamosi tulipanda.
Cheni inalia kama mashine ya kusaga, mbwa wametoka wote,
bibi mmoja ametusalimu "mwangaluka" akiwa ameziba masikio.
Kileleni nimegusa mota kwa kiganja:
ya moto, lakini ya moto wa chai.

Sasa kilichobaki.
Gurudumu la kushoto peke yake ndilo linalosukuma,
hivyo gari linavuta kulia, kulia daima,
kuelekea mwamba ule mkubwa wenye rangi ya chokaa.
Magafu anasema atauzoea usukani.
Mimi nimeanza kutunza noti kwenye kopo la grisi,
na Luhende, bila kuulizwa,
ameandika ubaoni kwa chaki ileile:
difu.