Vidole Viwili Kila Upande

Mwaka ule wa themanini na sita niliukata usukani
kwa msumeno wa chuma, vidole viwili kila upande,
kwa ajili ya kichochoro kimoja tu, kule Vilarmeo:
ukuta wa mawe kulia, ukuta wa mawe kushoto,
na mwishoni mlango wa Generosa,
ambaye mwanawe alikuwa Karakasi na aliandika kila juma.
Wakubwa wa posta walisema, acha pikipiki barabarani, tembea.
Mvua ya Lugo wao waliijua dirishani tu,
mvua isiyonyesha bali inayokaa, kama mgeni asiyeaga.

Leo nina miaka sitini na minne
na mabega yananidai deni lote kwa mpigo.

Nimenunua usukani mwingine kwa Xurxo, fundi wa matrekta,
mpana, umepinda kama pembe za ng'ombe wake wekundu.
"Utakaa wima kama askofu, Balbina."
Nikafungua nati nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilikuwa imeoana na kutu;
nikaipa mafuta, nikaipa moto, nikaipa tusi la babu yangu.
Iliachia kwa tusi.

Kazi ingekwisha siku hiyo kama si nyaya.
Usukani umepanda, nyaya zimebaki na urefu wa zamani.
Klachi inavuta kama mtoto asiyetaka shule,
na nikikata kushoto waya wa akseleta unakazika,
injini inanguruma yenyewe, bila mkono wangu.
Xurxo alicheka hadi akakalia ndoo.
"Umebadili mikono," akasema, "hujabadili mishipa."
Nikaagiza nyaya ndefu.

Na mita.
Mshale wake ulikufa ukielekeza sitini;
hata ikilala bandani, pikipiki yangu ilikuwa inakimbia sitini.
Tarakimu za chini zilizunguka zikarudi sifuri mara mbili
kabla ya kukwama: 71308.
Mita mpya imetoka Vigo, ndogo kama biskuti.
Kijana aliyeileta hakushuka garini. Alipiga honi.
Ukiiwasha inatoa mwanga wa samawati na kusema 0.
Sifuri! Ananiambia mimi!

Jioni tatu nilikaa na tupa nikilipanua ganda la zamani
hadi biskuti ikaingia mahali pa mshale.
Kidirisha cha chini sikukigusa.
Basi sasa nina hesabu mbili mbele ya uso,
moja inahesabu, moja imekwisha kuhesabu,
na katikati kitaa cha kijani cha gia huru,
ambacho kinawaka kikitaka.

Jumapili mvua ikasogea kidogo, nikatoka.
Mgongo wima. Kweli, kama askofu.
Na kwa mara ya kwanza nikaona juu ya kuta:
kabichi ndefu za majira ya baridi, mbwa juu ya paa,
ghala la nafaka limesimama kwa miguu yake ya mawe,
mtu ambaye sikumjua, ananipungia kisu cha kukatia mizabibu.
Miaka thelathini na mmoja nilipita hapa
nikiona tangi na lami.

Sikupanga kufika Vilarmeo.
Generosa tulimzika, mwana hakurudi,
mlango umefungwa kwa kipande cha waya.
Niliingia kichochoroni polepole, gia ya kwanza,
hatua nane, tisa, kisha krrk:
ukuta kulia, ukuta kushoto.
Sikuhitaji kupima. Nilijua ni vidole vingapi.

Nikakaa pale, nimeshikwa pande zote mbili.
Mita mpya ilisema kumi na moja nukta nne.
Ya zamani haikusema neno.
Nikazima injini, mkono ukaenda wenyewe begani
kutafuta mkanda wa mfuko ambao siuvai tena.

Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma.
Nikatia miguu chini, nikaanza kusukuma,
na mvua, ambayo haikuwa imeenda mbali, ikarudi kukaa.