Daftari la Matone

Saa kumi na moja alfajiri lifti inatushusha
mita mia saba na hamsini. Masikio yanaziba.
Detlev anameza mate, mimi natafuna mkate wa jana,
na joto linapanda kutulaki
kama pumzi ya ng'ombe zizini.
Juu tumeacha theluji. Huku ni jasho.

Kazi yangu ndogo: napima maji.
Nina taa, kijiti chenye alama, chupa ishirini,
na daftari la kijani lililoliwa pembe na chumvi.
Ukuta unalia palepale,
kwenye ufa usiozidi upana wa ukucha.
Ndo. Ndo. Ndo.
Aliyesema chururu si ndo ndo ndo
hakuwahi kushika zamu hii.
Jana: lita elfu kumi na moja, mia nane na nne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo, najua.
Tumeuziba mara tatu kwa saruji,
na maji yakahamia hatua sita kushoto,
kimya, kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Baba yangu, Gerhold, aliendesha tingatinga humu
kiangazi cha sabini na nne.
Alichota mapipa ya njano, akayasogeza ukingoni,
akayamwaga mteremkoni kama mtu anayemwaga viazi.
"Mengine yalipasuka," alisema,
siku alipotimiza miaka sabini, kisu cha keki mkononi.
"Tukayafukia kwa chumvi, tukaenda kula."

Wataalamu walikuwa wameshasema: chumvi hii haijui maji.
Ingalikuwa inayajua ingalikwisha kuyeyuka
kabla mjusi wa kwanza hajaota jua.
Hoja nzuri. Hata mimi ningeikubali.
Ila mlima waliousifia ulikuwa mzima,
na sisi tulishautoboa vyumba zaidi ya mia
ukawa jino bovu.

Nimeisoma orodha ya mwaka ule.
Glavu. Vitambaa vya kudekia. Vichujio. Mizoga ya panya wa maabara.
Halafu mistari arobaini, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*mbalimbali.*
Humo ndani ya *mbalimbali* imelala plutoniamu,
ambayo nusu yake tu
itachukua miaka elfu ishirini na nne kutoweka.
Daftari langu lina kurasa mia mbili.

Mhandisi Nesrin anasema tutayatoa yote, pipa kwa pipa.
Lini?
Ukishastaafu.
Tuyapeleke wapi?
Anatazama buti zake.
Kwenye mkutano wa kijiji, ukumbi wa zimamoto,
kila mkono uliinuka: yatoke!
Kila mkono ukashuka alipouliza yapite barabara gani.

Sikumchukia baba.
Mshahara ule ulininunulia baiskeli nyekundu,
na taa niliyosomea ilikuwa inawaka kwa umeme uleule.
Nani wa kunawa mikono hapa?

Jumapili namtembelea kwenye nyumba ya wazee.
Haniulizi habari za watoto, wala mgongo wangu.
Anauliza, "Ngapi?"
Namtajia idadi. Anaiandika pembeni mwa gazeti,
karibu na fumbo la maneno ambalo hajalimaliza.

Wiki iliyopita alikuwa amekonda, mkono unatetemeka,
nikamhurumia.
Nikapunguza lita elfu moja.

Kalamu ikasimama.
"Wiebke," akasema, "usinipe maji nusu.
Na sisi tulipewa nusu, tukashukuru,
tukajaza shimo."

Nikafungua mkoba. Nikatoa daftari.
Nikamsomea kuanzia Jumatatu,
tarakimu moja moja, polepole,
naye akaandika mpaka nafasi pembeni ikaisha,
akageuza gazeti,
akaendelea juu ya picha ya hali ya hewa.