Sahani Imejaa

Denise aliniambia kantini, Jumanne,
kalamu sikioni, sauti ameishusha:
"Nyamizi, una mengi kwenye sahani yako."

Nikaitazama sahani.
Maharagwe ya kopo, vijiko viwili,
kiazi kilichokwisha kupoa.
"Hapana," nikasema, "nimekuta yamebaki haya tu."
Akacheka. Akaona sicheki.
Akanishika bega, akanieleza taratibu
kama tunavyowaeleza wazee wetu wa wodini
leo ni siku gani.

Kumbe kwa Waingereza mzigo huliwa!

Kwetu mzigo una kata, una shingo,
una njia, na mwisho wa njia una pa kutuliwa.
Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa ndani ya methali,
kizito najua hupewa nani.
Ila huu wa hapa Hull umekatwakatwa, umewekewa uma,
na ukiusogeza pembeni,
kama Mzee Alf anavyozisogeza njegere zake,
kuna mtu anaandika: hakumaliza.

Basi la saa tano usiku, dirisha lina ukungu,
nikachora duara kwa kidole, nikaanza kupakua.
Mama na mashine ya figo, Jumatatu na Alhamisi.
Fomu ya viza, na ada yake isiyosemeka.
Kabula na viatu vya mazoezi, vile vya kwanza vinambana tangu Pasaka,
hasemi, anatembea kwa visigino.
Kuvu la ukutani, ambalo mwenye nyumba anasema ni pumzi zetu.
Zamu ya Jumapili niliyoikubali kabla sijaulizwa.
Nikakosa nafasi. Duara likatiririka maji
hadi kwenye mpira wa dirisha.

Alfajiri Masele akapiga kutoka Tabora:
pikipiki imekamatwa, kuna faini,
halafu kuna yule jamaa wa gereji.
Nikaona leo niujaribu msemo wangu mpya,
polepole, kama kiatu ambacho hakijalainika:
"Kaka, sahani yangu imejaa."

Kimya.
Nikasikia mtu upande wake anafagia uwanja.

"Mungu mkubwa!" akasema,
na furaha yake, wallahi, ilikuwa ya kweli.
"Ndiyo dua yetu hiyo, kila siku, mama anaisema hata kwenye mashine.
Sasa dada, usitusahau,
hata kwa ukoko."

Nikamtumia pauni arobaini.
Nikala mkate nimesimama,
bila sahani.