Chini ya Themanini

Hapa Chiloé mvua haibishi hodi.
Inaingia pamoja na mbwa, inalala kwenye soksi za sufu,
nasi tunasogelea jiko la kuni.

Zamani kipimo chetu kilikuwa kijiko.
Kijiko cha fedha, cha bibi mzaa mama,
unakitia chunguni pamoja na kome:
kikiwa cheusi, mwaga; kikibaki cheupe, karibu mezani.
Usiku ule kilibaki cheupe.
Kaka yangu Rosamel akala sahani mbili,
akacheka, akasema midomo inamwasha kama aliyelamba betri,
kisha hakusema tena. Vidole, ulimi, kifua
vikamuaga kimoja kimoja, kama wageni watokao karamuni.
Asubuhi yake bahari ilikuwa buluu, safi kabisa.
Haikuwa na haya.

Mwaka uliofuata akaja Solange Barrientos wa maabara,
na sanduku la barafu, na buti zilizomzidi mguu.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi tulimuuzia kome kumi na wawili kwa bei ya watalii.
Siku ya tatu akarudi na tangazo: ufuo umefungwa.
Tulimchukia barabara.
Mzee Artidoro akamwambia bahari si duka,
mtu atie kufuli aende zake.
Hakubisha. Aliuliza kama anaweza kukaa.

Akakaa. Miezi mitano alikuja jikoni kwangu,
hakuhutubia; alimenya viazi, vibaya,
nusu ikienda na maganda,
na Jumapili moja akaweka hadubini kando ya mkate:
Tazama, Edelmira.
Nikatazama.
Shanga. Shanga za kahawia, zimetungwa nne nne,
zinajizungusha polepole ndani ya tone la maji.
Nzuri. Hilo ndilo lililoniuma:
kilichomuua kaka yangu ningeweza kukivaa shingoni.

Sasa kila Jumanne, maji yakitoka, nashuka mwenyewe.
Nachuma kumi na wawili kwenye kamba ya tatu,
naandika joto la maji, upepo, rangi ya mlango wa mto,
nampa nahodha wa feri mfuko wenye barafu.
Alhamisi namba inakuja redioni,
katikati ya bei ya kuni na salamu za waliozaliwa.
Chini ya themanini, tunakula.
Ikipita, tunangoja; na tukingoja,
mwamba tulioukwangua ukawa mtupu kama kidevu
unaota tena: mwani, makinda ya kome,
hata wale ndege wenye midomo myekundu.
Solange anawahesabu kumi na tisa.
Ishirini, anasema Artidoro, mmoja yuko nyuma ya jiwe.

Sisemi tumeshinda.
Kuna miezi namba inapanda hadi mia tatu
na deni la unga linapanda nayo.
Lakini njaa ina mlango wa kutokea.

Kijiko sijakitupa. Nakorogea sukari;
kazi hiyo kinaiweza.
Nelio, mwana wa Rosamel, ana miaka tisa.
Hagusi sahani kabla hajauliza,
kama wengine wasomavyo dua:
Namba ngapi, shangazi?
Arobaini na moja, namwambia.
Lete chumvi.