Biki Nyuma ya Sikio

Tulikubaliana kila mmoja aje na biki nyuma ya sikio,
ndiyo alama. Miaka mitatu tunaandikiana kwa simu
na hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mwenzake.
Hiyo ilikuwa sheria hata kabla ya salamu:
hapa hapigwi mtu, huandikwa.

Bandarini Goma, saa moja asubuhi,
wachukuzi wanapakia viazi vya Masisi, magodoro,
na mbuzi mmoja asiyetaka safari.
Tiketi nimeinunua kwa kidole.
Karani akauliza jina, nikampa kitambulisho.
Ndivyo ninavyoishi mjini: kwenye basi
nashuka pale wengine wanaposhuka,
kisha narudi kwa miguu hadi kwetu.

Kwenye maandishi mimi ni mtu mwingine.
Mushagalusha aliwahi kulalamika
kwamba nilimchekesha katikati ya misa, padri akamkodolea macho.
Ntakwinja ananiita Wembe.
Na mzee Habamungu, mwalimu aliyeacha chaki
siku darasa zima lilipomwigiza,
hutuandikia aya ndefu, kila kituo mahali pake,
kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Juu ya meli nikahesabu biki: moja, mbili, tatu,
na yangu nne. Lwaboshi hakuonekana.
Tukaketi benchi moja, tukatabasamu
kama watu wanaodaiana.
Kisha, Mungu atusamehe, tukatoa simu.
"Umekuwa mfupi," Ntakwinja akaniandikia,
magoti yetu yakigusana.
"Wewe umekuja na kiatu cha harusi," nikamjibu.
Tukacheka. Kicheko hakina kigugumizi.

Tulipoanza kukaribia Idjwi, mtandao ukakatika.

Vidole vikabaki hewani.
Ntakwinja akafungua kikapu, akavuta pumzi:
"S... sss... sss..."
Ziwa lenyewe lilikuwa linasema hivyo hivyo chini yetu.
Mama mmoja mwenye makabichi akamhurumia:
"Sabuni? Safari? Unasikia kizunguzungu?"
Mushagalusha akainua mkono, taratibu,
kama anayezuia gari mtoto avuke.
Hatukummalizia.
Kilima kimoja cha kisiwa kikapita, kikaja kingine,
ng'ombe wakapita kwenye mteremko, na kanisa lenye bati jipya.
"Sss... sambaza," akasema. "Nimewaletea sambaza."
Zilikuwa zimekwisha kupoa. Tulikula hadi chumvi ya mwisho.

Halafu mzee akasema. Kwa miaka mitatu
nilikuwa nimemvika sauti nene, ya ngoma,
na ile iliyotoka ilikuwa nyembamba, ikijikwaa,
ikirudi nyuma kuokota silabi iliyoanguka.
Nikamvua ile yangu polepole, kwa aibu,
kama anayerudisha nguo aliyoazima bila kuomba.
Alitaka tu kujua nani ana maji ya kunywa.

Zamu yangu. Jina langu linaanza na K,
na K ni mlango unaofungwa kwa ndani.
Nilibisha. Nilibisha tena. Jasho.
Wakanitazama machoni, si mdomoni.
Sijui ilichukua muda gani; mama wa makabichi alikuwa amelala.
"Kavugho," nikasema,
na likanishangaza lilivyo refu.

Nyumba za Bukavu zilipojitokeza mlimani,
simu zikatetemeka zote kwa pamoja. Lwaboshi:
"Niko benchi la nyuma yenu tangu Goma.
Biki iko mfukoni. Nimesikia yote.
Wakati wa kurudi, labda."

Tukageuka. Migongo, vifurushi, mbuzi.
Vijana sita wangeweza kuwa yeye.
Mushagalusha akaanza kuandika jibu, akafuta,
akapanda juu ya benchi, akafumbua kinywa
mbele ya umati wote ule uliogombania ngazi:
"Lwa... Lwa... Lwa..."

Nasi tukasubiri.